Lango Lilikuwa Limefungwa

Miezi minne baada ya kupasuliwa moyo, Gualter Rebelo alikuwa amekwisha kuyafikia kwa miguu maziwa yote makubwa yaliyomo ndani ya kasoko, yaani mashimo ya volkano za kale, katika kisiwa cha São Miguel, isipokuwa moja.

Daktari ndiye aliyemwanzisha. "Tembea, Bwana Gualter," alimwambia, "na usitembee sebuleni." Berta, mkewe, alifurahi kuliko mgonjwa mwenyewe. Tangu mumewe astaafu kuendesha basi, nyumba ilikuwa imejaa mtu mmoja mnene anayefungua jokofu na kuuliza chakula kinaiva lini.

"Nenda," alisema, akimfungia mkate na jibini kwenye kitambaa. "Nenda na mimi nipumue."

Gari hakuwa nalo. Kwa miaka thelathini na mmoja watu walikuwa wakimcheka kwamba dereva hana gari, naye akiwajibu kwamba gari lake lina viti arobaini na tisa. Kwa hiyo alikwenda kwa basi, kama abiria, jambo ambalo mwanzoni lilimtia aibu kidogo. Hakujua akae wapi. Alikaa nyuma ya dereva, akakanyaga breki isiyokuwepo kila kona, mpaka dereva mmoja akamwomba ahamie katikati.

Alianza na Furnas, akazunguka ziwa taratibu, akipita pale ardhi inapotoa mvuke na watu hufukia masufuria yao ya nyama asubuhi ili wayafukue mchana yameiva kwa joto la chini. Wiki iliyofuata alishuka Vila Franca, akatembea hadi ziwa la Congro, lililojificha shimoni chini ya miti, kijani kama chupa. Mwezi wa pili alithubutu kwenda ziwa la Lagoa do Fogo. Alishuka Água d'Alto, akapanda kwa kufuata mfereji wa maji, akipumzika kila anapohesabu hatua mia mbili. Alipofika juu na kuliona ziwa limelala peke yake bila nyumba hata moja, alivua kofia. Akakaa saa nzima. Kifua hakikumuuma hata kidogo. Alipofika nyumbani jioni, Berta aliona sura yake, akasema, "Leo umerudi na kitu."

Lililobaki lilikuwa Sete Cidades. Hilo ndilo kubwa kuliko yote, ndilo lenye picha yake kwenye kila kalenda: ziwa moja lenye rangi mbili, buluu upande huu, kijani upande ule, na kijiji ndani ya kasoko. Tena Gualter alikuwa amelipeleka basi huko kwa miaka kumi na tisa.

Paula ndiye aliyekuwa na njia hiyo siku hizi. Gualter alimfundisha mwenyewe, akiwa binti wa miaka ishirini na tano anayeshika usukani kama anayeshika sinia ya mayai. Jumamosi moja ya mwezi Juni alimkuta kituoni, barabara ya pwani mjini Ponta Delgada, amejiegemeza mlangoni anakunywa kahawa.

"Mwalimu," alisema Paula, "nasikia umekuwa mbuzi wa mlimani. Furnas umekwenda mara tatu, Fogo umekwenda, hata Congro ambako hakuna mtu anayekwenda. Kwangu huji. Naendesha vibaya?"

"Unaendesha vizuri."

"Basi panda. Au unaogopa ile kona?"

Alisema kwa mzaha, maana madereva wote walijua kuna kona ambayo Gualter aligonga ng'ombe miaka kumi na miwili iliyopita. Walijua pia kwamba ng'ombe alikuwa wa kaka yake. Wengine walidhani ni jambo la kuchekesha. Gualter alisimama pale na mkate wake mkononi, akitazama bango lililoandikwa jina la kijiji alichozaliwa. Halafu akapanda. Baadaye hakuweza kumweleza hata Berta ni kwa nini alipanda siku ile, na si nyingine. Labda ni kwa sababu Paula alikuwa tayari amewasha injini.

Mpango wake ulikuwa wa mtu anayejua ratiba. Angeshuka juu ukingoni, mahali paitwapo Vista do Rei, karibu na hoteli iliyotelekezwa, atembee juu ya ukingo wa kasoko kuzunguka upande wa magharibi, kisha ateremke kijijini dakika chache tu kabla ya basi la mwisho la saa kumi na dakika ishirini na tano. Apande moja kwa moja. Asionane na mtu.

"Saa kumi na dakika ishirini na tano," Paula alimkumbusha mlangoni. "Sikungoji. Unajua ni nani aliyenifundisha hivyo."

"Najua. Nenda."

Asubuhi ilikuwa safi. Upande wake wa kushoto bahari ilikuwa chini kabisa, na upande wa kulia lilikuwa shimo kubwa la kasoko na ziwa lake. Njia ilipita katikati ya malisho na nyua za maua ya buluu. Watalii walimpita wakimsalimia kwa lugha tatu. Alikwenda polepole, fimbo mkononi, na ilipofika saa sita alikuwa amefika mahali ambapo kijiji kizima kinaonekana: kanisa na njia yake ya mierezi, mabirika ya kufulia, na kando ya maji, paa la vigae lenye bomba la moshi lililoinama. Nyumba ya kaka yake, Liduíno. Nyumba ya mama yao kabla yake.

Toka pale ilikuwa nusu saa kuteremka. Gualter akakaa chini. Alijiambia kwamba anakula. Alipomaliza kula alijiambia kwamba anapumzisha goti. Kisha akaona ni afadhali aendelee juu kwa juu, upande wa kaskazini, ili asifike mapema mno. Akatembea kilomita nyingine tatu ambazo hakuna aliyemtuma, akageuka, akarudi, akakaa tena palepale. Saa tisa na robo ikafika. Alijua kabisa anachokifanya, na alijidharau kwa kukifanya.

Liduíno alikuwa amemzidi miaka mitano. Tangu ile ajali hakuwahi kupanda basi la mdogo wake. Alikuwa akiuliza kijijini zamu ni ya nani; akiambiwa ni ya Gualter, aliahirisha safari, na kama hakuweza kuahirisha, alipanda ukingo kwa miguu na kuomba lifti upande wa pili. Kwa miaka saba, mpaka Gualter anastaafu, barabarani walikuwa wakionana kupitia kioo cha mbele tu. Mmoja nyuma ya usukani, mwingine kando ya njia na madebe yake ya maziwa, akitazama pembeni.

Saa tisa na dakika arobaini Gualter akainuka. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Tatizo ni kwamba hakuhesabu ng'ombe. Njia ya kuteremkia kijijini ni nyembamba, ina kingo za udongo pande zote, na katikati yake palikuwa na kundi la ng'ombe ishirini na kitu wakipelekwa kukamuliwa. Mwenye ng'ombe, kijana wa ukoo wa Arruda, alikuwa mbele kabisa na simu sikioni.

"Pita tu, mzee," akapaza sauti. "Wasukume. Hawana neno."

"Sina haraka," alisema Gualter, ambaye jasho lilikuwa linamtoka. Kila mtu mwingine angepita. Yeye alitembea nyuma ya mikia ile kwa dakika ishirini na tano, hatua kwa hatua, wala hakugusa hata mmoja.

Alipofika uwanja wa kanisa, basi lilikuwa linapanda mlima. Aliliona likiwasha taa ya kona, likapotea nyuma ya mierezi.

Kwenye benchi ya kituo alikaa Bi Eduína, ambaye aliwahi kuwa jirani ya mama yao, na ambaye kwa umri wake alikuwa na ruhusa ya kusema chochote.

"Huyo ni Gualter, mwana wa Conceição," alisema, "au macho yangu yamekufa?"

"Ni mimi, Bi Eduína. Shikamoo."

"Marahaba. Umeachwa."

"Nimeachwa."

"Binti dereva alikungoja dakika nne. Alisimama hapa anatazama juu kama mtu aliyepoteza kuku. Dakika nne, Gualter. Wewe hukuwahi kumngoja mtu hata nusu. Mimi uliniacha siku ya harusi ya mjukuu wangu nikiwa na keki mkononi."

"Nakumbuka."

"Hukumbuki, lakini asante." Akamtazama vizuri. "Sasa utalala wapi?"

Gualter akakaa kando yake. Alitoa simu na kumpigia mkewe, akaeleza kwa maneno machache. Berta akasema, "Kaka yako ana vitanda vitatu."

"Berta."

"Vitatu. Mimi nimevitandika mwenyewe miaka ile. Usiku mwema, mume wangu." Akakata.

Ilikuwapo njia nyingine. Kule mwisho wa ziwa kuna handaki lililochimbwa zamani kupunguza maji yanapofurika. Ukilipita hadi mwisho, unatokea upande wa bahari, na kutoka hapo unateremka hadi Mosteiros, ambako basi la mwisho ni saa kumi na mbili na nusu. Vijana hupita kwa kujifurahisha. Gualter alipiga hesabu tena, akamuaga Bi Eduína, akashika njia ya kando ya maji. Bi Eduína alimtazama anavyokwenda, akatikisa kichwa, maana njia ile haina budi kupita shambani kwa Liduíno.

Gualter naye alijua. Alitumaini tu kwamba mzee atakuwa ndani.

Hakuwa ndani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chuma katikati ya malisho, anakamua kwa mkono ng'ombe mweusi na mweupe, paji la uso limeegemea ubavu wa mnyama. Mashine ya kukamulia ilikuwa pembeni, imefunguliwa, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Hakuinua kichwa.

"Umechelewa basi," alisema.

"Ndiyo."

"Umeendesha miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na ndiyo leo umechelewa." Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo. "Unakwenda wapi?"

"Handakini. Niwahi la Mosteiros."

"Una tochi?"

"Nina simu."

"Ina chaji?"

Gualter akatazama. "Kidogo."

"Maji yamefika magotini wiki hii. Na wewe umepasuliwa." Ng'ombe akarusha mkia, ukampiga Liduíno usoni. "Shika huo mkia. Ananichapa tangu nianze."

Gualter akaweka fimbo chini, akapita kati ya nyaya za uzio, akashika mkia. Walikaa hivyo muda mrefu, mmoja anakamua, mwingine ameshika mkia kama mtu aliyeshika kamba ya kengele asiyejua aivute lini. Ukungu mwepesi ulikuwa umeanza kuteremka kutoka ukingoni, ukigusa vilele vya miti tu.

"Siku ile kulikuwa na ukungu," Gualter akasema.

"Kulikuwa na ukungu."

"Lakini kosa halikuwa la ukungu."

Mikono ya Liduíno ikasimama, kisha ikaendelea. Gualter aliona kwamba hatasaidiwa.

"Nilikuwa nimechelewa dakika tisa," alisema. "Mkaguzi alikuwa ananingoja mjini. Nilishuka na gia ya tatu pale panapotaka ya pili. Nilikuona, Lidu. Nilikuona umesimama katikati ya njia umeinua mkono, na ng'ombe wanavuka, na lango walilotokea umelifunga vizuri kabisa. Nikakanyaga breki, basi likateleza. Lingekugonga wewe. Lilimgonga ng'ombe wako, Cereja." Mkia ulimponyoka, akaushika tena. "Halafu nikaandika kwamba ng'ombe alikuwa anazurura. Kwamba lango lilikuwa wazi, hapakuwa na mchungaji. Nilikuwa na onyo moja tayari. La pili wangenifukuza."

"Najua," alisema Liduíno.

"Unajua?"

"Gualter, mimi nilikuwepo." Kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye taa zako. Unadhani nilihitaji miaka kumi na miwili nijue kama nilikuwepo au sikuwepo? Na kijiji kizima kinajua. Watu wa hapa husikia basi kutoka kule juu, wanajua ni gia gani. Eduína alikuwa anaanua nguo. Aliniambia jioni ileile: mdogo wako ameshuka kama jiwe."

"Basi kwa nini hukusema? Hukuandika malalamiko?"

"Ufukuzwe? Ulikuwa na mtoto shuleni." Alivuta ndoo kando, ng'ombe asiipige teke. "Cereja alikuwa ng'ombe. Ng'ombe mzuri, aliyenipa ndama saba, nililia kama mjinga. Lakini alikuwa ng'ombe. Hilo nilikwisha kukusamehe kabla ya Krismasi."

Gualter akabaki ameshika mkia.

"Mama," alisema Liduíno.

Hapo Gualter akainamisha kichwa, maana hilo ndilo lililomfanya akae juu ya ukingo mchana kutwa.

Mama yao, Conceição, alikuwa anaishi kwa Gualter mjini wakati ule, miguu imekwisha nguvu. Habari ya ajali aliipata mezani kutoka kinywani mwa Gualter, kama ilivyoandikwa kwenye ripoti: lango wazi, ng'ombe anazurura. Gualter alikuwa ameirudia mara nyingi kwa wakubwa wake hata ikawa nyepesi mdomoni. Mama hakukasirika. Alihuzunika tu. Yeye ndiye aliyewafundisha wote wawili kufunga lango, na kumbe mwanawe mkubwa alikuwa amelisahau.

"Nilikuja kila Jumapili," alisema Liduíno. "Miaka miwili. Nilipanda basi la mwenzako, nikafika kwako na jibini yake. Na kila Jumapili, kabla hata sijakaa: Lidu, mwanangu, umefunga lango? Nami najibu, nimefunga, mama. Hakika? Hakika, mama. Mtu mzima wa miaka sitini. Na wewe umekaa palepale, unamenya chungwa."

"Ndiyo."

"Ungeweza kusema hapo. Hapakuwa na mkaguzi pale. Hata kwa sauti ya chini. Siku ya mwisho hakujua tena leo ni siku gani, lakini aliniuliza lango." Akafuta mikono kwenye suruali. "Hilo sijakusamehe. Nimejaribu, maana padri husema tujaribu. Sijaweza."

Gualter hakujua mikono yake aiweke wapi. Akagundua bado ameshika mkia wa ng'ombe, akauachia. Alitaka kusema kwamba alitaka kusema. Kwamba kila Jumapili alijiambia wiki ijayo, na kwamba kadiri wiki zilivyopita ndivyo ilivyokuwa aibu zaidi kusema, mpaka mama akafa na wiki zikaisha. Yote hayo yalikuwa kweli, na hayakumsaidia mtu.

"Nifanye nini, kaka?" aliuliza.

Liduíno aliinuka kwa taabu, mkono mgongoni. "Kwanza beba hiyo ndoo. Ya pili nitafikiri."

Nyumbani walikula supu ya kabichi na mahindi, na jibini mbichi yenye pilipili ya kusaga juu yake. Liduíno alileta vipande vya mashine mezani, wakaitazama pamoja. Gualter, aliyekuwa amezoea pampu za breki, akaona ni mpira tu uliopasuka. Alikata kipande cha bomba la zamani, akakifunga kwa waya. Mashine ikavuta. Liduíno alisema, "Hm," na kutoka kwake hiyo ilikuwa nyingi. Kisha akamwonyesha kitanda kilichoko dirishani, kitanda alicholalia utotoni, na kabla ya kufunga mlango akasema bila kugeuka:

"Kesho, kabla ya misa, utakwenda kumwambia."

"Kumwambia nani?"

"Unajua nani. Na useme kwa sauti. Siku zile masikio yake yalikuwa mazito."

Asubuhi ilikuwa na jua. Makaburi ya kijiji ni meupe, yamezungushiwa ukuta mfupi. Liduíno alibaki langoni, kofia mkononi, mgongo umeelekea ndani, kama mtu anayelinda. Gualter alikwenda peke yake hadi kwenye jiwe lenye picha ya mama yao, ile picha ya pasipoti ambayo hakuipenda. Alijiona mpumbavu. Alitazama kushoto na kulia, akaanza kwa mnong'ono.

"Sisikii," alisema Liduíno kutoka langoni.

Basi Gualter akasema kwa sauti. Alisema kama mtu anayetaja vituo vya basi, maana hiyo ndiyo sauti kubwa pekee aliyokuwa nayo. Alisema: "Mama, lango lilikuwa limefungwa. Lidu alilifunga. Mimi nilishuka kwa kasi, mimi nikamwua ng'ombe, mimi nikasema uongo mezani kwako. Lidu hajawahi kuacha lango wazi. Hajawahi." Akasimama pale, mzee mnene mwenye kovu kifuani, akilia bila kujificha, na kwa namna asiyoielewa akahisi pumzi inaingia mpaka chini kabisa.

Hakuwa peke yake kama alivyodhani. Nyuma ya kaburi la ukoo wa Arruda, Bi Eduína alikuwa ameinama akibadilisha maua. Alijinyoosha polepole, akajipangusa magoti, akapita katikati yao akielekea kanisani, wala hakusalimia. Alikuwa na mwendo wa mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Padri alipofika pale waumini wanapopeana mkono wa amani, kijiji chote kilikuwa kimekwisha kujua alichosema makaburini. Gualter aliona hivyo kwa namna watu walivyomgeukia Liduíno. Mmoja baada ya mwingine walivuka viti kumshika mkono, wazee kwa vijana, wengine wakamkumbatia. Kijana wa Arruda alivuka kanisa zima. Walikuwa wamejua tangu zamani, lakini kujua ni kitu kimoja. Hiki kilikuwa kingine. Gualter hakuna aliyemkumbatia. Wawili au watatu walimpa mkono, na mmoja akamnong'oneza, "Gia ya tatu, bwana? Pale?" Alistahili mabaya zaidi ya hayo, akashukuru.

Basi la Jumapili huondoka mchana. Liduíno alimsindikiza kituoni akiwa na jibini mbili ndani ya majani, moja ya Berta. Paula alifungua mlango, akawatazama hao wawili wamesimama bega kwa bega, akafunga mdomo aliokuwa ameufungua kwa ajili ya utani.

"Binti," alisema Liduíno. "Mtu akitaka kwenda Lagoa do Fogo kwa basi, anapanda lipi?"

"Wewe, Mzee Liduíno? Unaishi ndani ya ziwa, unataka kutazama jingine la nini?"

"Nimeuliza basi, sikuuliza ushauri."

"La saa moja kutoka hapa, kisha la Vila Franca mjini, ushuke Água d'Alto," alijibu Gualter, ambaye alikuwa tayari amekaa. "Unapata dakika kumi na tano za kubadilisha. Zinatosha."

"Sikukuuliza wewe," alisema Liduíno. Lakini hakuondoka mpaka basi lilipoanza kupanda.

Jumamosi mbili zilipita bila habari. Gualter hakupiga simu. Alihisi si zamu yake. Jumamosi ya tatu alikuwa kituoni mjini saa mbili na dakika ishirini, na basi la Sete Cidades lilipofungua mlango, abiria wa kwanza kushuka alikuwa Liduíno. Alikuwa amevaa koti la misa na viatu vyeusi vinavyong'aa.

"Hivyo ndivyo viatu vya kupandia mlima?" Gualter aliuliza.

"Nimekuja mjini. Mjini watu huvaa viatu."

Walipanda mfereji ule polepole. Gualter alipumzika kila hatua mia mbili, na Liduíno, ambaye hakuhitaji kupumzika, alisimama kila mara akijifanya anachunguza nyasi za watu na kuzikosoa. Walipofika juu, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Palikuwa peupe kama ndani ya ndoo ya maziwa. Gualter aliomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeandaa. Liduíno alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akakikung'uta mchanga.

"Basi letu ni saa ngapi?"

"Lipo la saa tisa. Lipo na la saa kumi na moja."

"Basi tungoje."

Wakala mkate. Kama saa nzima ilipita, halafu upepo ukaja kutoka baharini, na ukungu ukaanza kunyanyuka kuanzia chini. Kwanza ulionekana ufuko mweupe, kisha maji, kisha shakwe wawili juu yake, na mwishowe kuta zote za kasoko mpaka juu, kijani kibichi, hazina nyumba, hazina njia.

Liduíno alitazama kwa muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

"Nani anafuga huku?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna."

"Nyasi zote hizo?"

"Hairuhusiwi."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akavaa kiatu chake. Halafu, akiendelea kutazama maji, alisema kwamba Congro anasikia kuna miti mizuri, na kwamba akija Jumamosi ijayo ataleta viatu vya kufaa.